Kushuka Ziwani: Mwongozo wa Siku Moja kutoka Bunia hadi Kasenyi na Tchomia

Ituri haina bahari. Kutoka Bunia hadi pwani ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 hata kwa ndege anayekata anga moja kwa moja, na hakuna familia inayoweza kuamka asubuhi ikasema leo tunakwenda kupunga upepo wa Bahari ya Hindi. Lakini jimbo lina Ziwa Albert: maji ya urefu wa kilomita 160 hivi na upana unaopita 30, yenye mawimbi, mchanga, mitumbwi inayovuka kwenda nchi jirani, na miji miwili ya wavuvi, Kasenyi na Tchomia, ambayo kwa barabara haifiki kilomita 60 kutoka Bunia. Samaki wa ziwa hilo huingia sokoni Bunia kila siku. Hata hivyo si wachache mjini, hasa waliozaliwa au waliokimbilia huko wakati wa vita vya 1999 hadi 2003, wanaomjua samaki kapiteni sahanini tu na hawajawahi kusimama mahali anapovuliwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwanza kwa ajili yao, kisha kwa mgeni anayefika Bunia kwa kazi na kubakiwa na Jumamosi moja mkononi. Asiende mtu akitegemea viti vya kulalia na miavuli. Kasenyi na Tchomia ni miji ya kazi. Uzuri wake uko katika shughuli za watu na katika mandhari iliyo nyuma yao, ule ukuta wa milima unaoshuka karibu na maji. Anayekwenda kwa heshima, mapema, na kwa kuuliza, hupokewa vizuri.

Kabla ya kutafuta gari, tafuta habari. Tangu Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini zimewekwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura, na makundi yenye silaha bado yanavuruga maisha katika teritori za Djugu na Irumu. Kasenyi iko Irumu, Tchomia iko Djugu. Njia iliyopitika vizuri wiki iliyopita inaweza kuwa haifai leo, na iliyofungwa mwezi jana inaweza kuwa imejaa magari ya samaki asubuhi hii. Kwa hiyo habari ya maana ni ile ya siku yenyewe. Wa kwanza kuulizwa ni madereva waliopanda kutoka ziwani asubuhi hiyo au jana yake jioni. Wa pili ni akina mama wauza samaki, kwa kuwa mzigo wao ukichelewa wanajua sababu yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Wa tatu ni wafanyakazi wa afya na wa parokia, wanaopigiana simu na wenzao wa chini kila siku. Radio Okapi nayo isikilizwe usiku wa kuamkia safari. Watu wawili wakikwambia usiende, usiende, ziwa halihami. Msafiri asiyeridhishwa na habari alizopata anaweza kuishia sokoni Bunia na kuliangalia ziwa kupitia samaki wake, na hakuna aibu katika hilo.

Mkongomani achukue kadi yake ya uchaguzi, maana ndiyo kitambulisho kinachoulizwa kwenye vizuizi. Mgeni awe na pasipoti yenye viza na kadi ya manjano ya chanjo, na ni busara kupita kwanza kwa ofisi ya uhamiaji, DGM, aeleze anakokwenda. Nguo zenye madoa ya kijeshi ziachwe nyumbani, hata kofia. Kwenye kizuizi, shuka kwenye pikipiki, vua miwani, salimia, jibu ulichoulizwa. Simu ikae mfukoni.

Wakati mzuri wa kushuka ni Desemba hadi Februari, miezi ambayo mvua hupungua na udongo hukauka. Wakati wa mvua kubwa, Aprili na Mei na tena kuanzia Agosti, teremko hugeuka utelezi na malori hukwama. Ondoka kunapopambazuka. Bunia iko karibu kabisa na ikweta, hivyo jua huchomoza saa kumi na mbili mwaka mzima na kutua saa kumi na mbili, na hesabu ya siku ni rahisi: uwe umefika ziwani kabla ya joto, na uwe umerudi Bunia jua likiwa bado juu. Safari ya usiku katika njia hii haifai kwa sababu yoyote ile.

Gari la kukodi lenye magurudumu manne yanayovuta ni zuri kwa familia. Wengi hutumia taksi-moto. Mkikubaliana na dereva wa pikipiki, sema wazi kama bei ni ya kwenda tu au ya kwenda, kungoja na kurudi, na nani analipa mafuta. Ugomvi mwingi wa njiani huzaliwa na mapatano ya nusu nusu.

Baada ya kilomita 25 hivi unaingia Bogoro. Msafiri asipite hapa kama anapita kituo chochote cha barabarani. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji hiki kilishambuliwa na raia wengi wakauawa. Kwa ajili ya siku hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kiongozi wa wanamgambo, Germain Katanga, mwezi Machi 2014 na kumhukumu kifungo cha miaka 12. Miaka mitatu baadaye majaji waliwatambua wahanga 297 wenye haki ya fidia, kila mmoja dola 250 za ishara, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, elimu, kazi za kujipatia kipato na matibabu ya kisaikolojia. Watu walionusurika wanaishi hapo, wanalima, wanafuga, wanauza. Simama, nunua maji au ndizi, salimia wazee. Usimuulize mtu kuhusu 2003 kwa sababu tu wewe unapita. Atakayetaka kusema atasema. Wala usipige picha nyumba na watu kana kwamba umeingia makumbusho.

Kutoka Bogoro barabara inaelekea kwenye ukingo, kisha nchi inakatika. Bunia iko juu kwa zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 620 hivi. Maana yake ni kwamba kwa safari fupi unashuka zaidi ya nusu kilomita kwenda chini, ndani ya Bonde la Ufa. Sweta uliyoivaa Bunia alfajiri itavuliwa hapa. Masikio huziba kidogo, nyasi hubadilika rangi, na hewa inakuwa nzito. Ukitazama mashariki asubuhi, jua linakupiga usoni na ziwa huonekana kama ukungu mweupe tu. Anayetaka picha ya ziwa kutoka juu aingoje safari ya kurudi: alasiri jua liko mgongoni, maji yanapata rangi yake, na hewa ikiwa safi genge la upande wa Uganda linajitokeza ng'ambo.

Samuel Baker, Mwingereza aliyefika ukingo wa mashariki tarehe 14 Machi 1864 na kulipa ziwa jina la mume wa malkia wake, aliiona milima ya huku kwetu kutoka upande ule, ikiwa ya buluu kwa umbali, na mpaka leo ramani huiita Monts Bleus. Aliyekuja kulizunguka ziwa lote kwa mara ya kwanza kati ya Wazungu alikuwa Mwitalia Romolo Gessi, mwaka 1876. Miaka 12 baadaye, Aprili 1888, mpelelezi Stanley alikutana na Emin Pasha, gavana wa Equatoria, kwenye ufukwe huu wa magharibi, Emin akiwa amekuja kwa meli yake ya mvuke, Khedive, na Stanley akiwa ametoka kuukata msitu wa Ituri na watu wake wakifa kwa njaa. Wenyeji walikuwa wakivua humo tangu zamani bila kuandikiwa kitabu.

Kasenyi ndio mji wa kwanza kuufikia. Kwa macho ya leo ni vigumu kuamini, lakini wakati wa ukoloni hapa palikuwa mlango wa Kongo ya mashariki. Abiria aliyetoka Mombasa kwa reli alivuka Uganda kwa treni, meli na barabara hadi bandari ya Butiaba, akapanda meli ya mvuke Robert Coryndon, iliyoanza kazi mwaka 1930, na kushukia Kasenyi tayari kwa safari ya Irumu na Stanleyville, yaani Kisangani ya sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda, Butiaba ikafurika, na njia ile ikafa. Anayetembea Kasenyi akiwa na habari hiyo kichwani huuona mji kwa jicho jingine: mitaa iliyopangwa kuelekea maji, ukubwa wa eneo lililokuwa la bandari, na wazee wanaoweza kuonyesha kwa kidole meli zilikokuwa zikitia nanga. Watafute hao wazee. Mzee akikukaribisha kivulini, kaa kwanza, mwamkie, jieleze umetoka wapi na wewe ni wa nani, halafu ndipo uulize.

Maji ya ziwa yamepanda tena katika siku za karibuni. Mvua kubwa za 2019 na 2020 zililijaza Ziwa Victoria mpaka kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42 mwezi Mei 2020, kiwango kilichopita hata kile cha 1964, na maji hayo yakamiminika kwa Nile kuja Ziwa Albert. Ufukweni nyumba zililiwa, watu wakahamisha mapaa na milango wakajenga juu zaidi. Kwa hiyo usiitegemee ramani ya simu kukwambia maji yanaanzia wapi, na usishangae kukuta mti umesimama ndani ya ziwa. Uliza pia kabla ya kukanyaga ukuta uliobomoka karibu na maji. Ulikuwa nyumba ya mtu, na mwenyewe huenda ndiye anayekutazama.

Kilomita chache kaskazini iko Tchomia, katika usultani wa Bahema Banywagi, na hapa ndipo msafiri anapaswa kutumia sehemu kubwa ya asubuhi yake.

Wavuvi huingia usiku. Wanaotafuta samaki wadogo huwasha taa juu ya maji ili samaki wakusanyike kwenye mwanga, halafu wanawazungushia wavu. Wanaotafuta wakubwa hutega nyavu na kurudi kuzitazama. Kunapokucha mitumbwi inaanza kurudi, ya mbao ndefu zilizopigiliwa na kuzibwa, mingine kwa mota, mingine kwa makasia. Kabla haijagusa mchanga wanunuzi wamekwisha kuingia majini mpaka magotini. Bei inaanza kutajwa mtumbwi ukiwa bado unayumba. Mgeni akae pembeni kidogo kwa dakika hizo, maana mama aliyekuja na mtaji wa kukopa hana nafasi ya kukwepa mtu anayepiga picha.

Mwendee baadaye, anapokaa chini na kisu. Kapiteni mkubwa hapasuliwi tumboni kama wa kupika nyumbani. Kisu kinaingia mgongoni, nyuma ya kichwa, kinafuata uti mpaka mkiani, samaki anafunguka akawa bapa, kichwa kikiwa pande mbili. Matumbo yanatoka mara moja. Halafu anachanja nyama kwa mistari, anachota chumvi ya mawe kwa kiganja na kuisugua ndani ya kila mchanjo, hasa karibu na mfupa ambako kuoza huanzia. Anawapanga mmoja juu ya mwingine ili maji yatoke, kisha ndipo wanapelekwa juani. Huyo ndiye makayabu anayeuzwa katika masoko ya Bunia na hata mbali zaidi, msituni na kwenye machimbo ya dhahabu. Ukiomba kwa adabu, "Mama, naweza kuangalia kazi yako?", utaonyeshwa hata namna ya kushika kisu. Ukinunua chochote kwake, mazungumzo yanakuwa marefu zaidi.

Kununua kuna elimu yake. Samaki mbichi mtazame jicho: liwe angavu na limejaa, lisiwe limezama. Fungua shavu uone matamvua mekundu. Bonyeza nyama kwa kidole. Ikirudi mahali pake, chukua. Kwa samaki wadogo wakavu, waulize walikaushwa wapi. Waliotandazwa juu ya nyavu au juu ya vichanja ni wasafi. Waliotandazwa moja kwa moja juu ya mchanga watakusaga meno hata ukiwaosha mara tatu. Makayabu wanuse: harufu ya chumvi na ya samaki ni sawa, harufu kali ya kuvunda si sawa, na unga wa kahawia kwenye mikunjo ni dalili ya wadudu. Kuna jambo moja zaidi, na hili si la ladha. Kapiteni asiyezidi urefu wa kiganja ni mtoto. Hajataga hata mara moja. Nyavu za matundu madogo na kokoro zinazoburuta kila kitu ufukweni zimekatazwa, lakini samaki hao hufika sokoni kwa sababu kuna wanaowanunua. Wavuvi wenyewe wanalalamika kwamba samaki wamepungua na kwamba siku hizi lazima waende mbali. Mtu wa Bunia anayelipenda ziwa ana nafasi ya kulisaidia hapo hapo, kwa kuwaacha wadogo na kununua mkubwa mmoja.

Kama utarudi na samaki mbichi, njoo na ndoo yenye kifuniko au boksi la kuhifadhia baridi, ukinunua barafu Bunia kabla ya kuondoka, na uwanunue mwishoni, dakika za kuondoka. Waondoe matumbo na matamvua hapo hapo, uwafunike kwa majani mabichi na gunia lililolowa. Usiwafunge ndani ya mfuko wa plastiki kwenye jua. Watakuwa wameharibika kabla ya Bogoro.

Chakula cha mchana hakihitaji kutafutwa mbali. Vibandani karibu na soko utapata samaki wa kukaanga au wa mchuzi, ugali wa muhogo, sombe au lengalenga, na pilipili ya kusaga. Chagua mahali sufuria inapotoka mvuke na watu wa kazi wamejaa. Chakula kinachoisha haraka hakilali. Uliza bei kabla ya kukaa na lipa kwa faranga ndogo ndogo. Dola Bunia zinapokelewa vizuri, lakini ufukweni noti kubwa ni shida ya chenji, na dola yenye mchaniko hata kidogo hukataliwa. Shilingi za Uganda nazo zinapita mkononi, kwa kuwa biashara ya ng'ambo haijawahi kusimama.

Na simu huko huweza kudaka mtandao wa Uganda. Gharama hupanda ghafla, na saa ya simu ikijirekebisha yenyewe itakwenda mbele kwa saa moja, kwa kuwa Uganda iko saa moja mbele ya Ituri. Zima kujirekebisha huko kabla ya kushuka, usije ukajikuta unaondoka mapema bila sababu.

Suala la kupanda mtumbwi lichukuliwe kwa uzito wote. Ziwa Albert limebanwa kati ya magenge mawili, na upepo hushuka humo bila kubisha hodi. Maji yaliyotulia asubuhi yanaweza kuwa na mawimbi makubwa saa nane mchana. Tarehe 22 Machi 2014 mtumbwi uliojaa wakimbizi Wakongomani waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka kambi ya Kyangwali, Uganda, ulizama na watu zaidi ya 100 wakafa, wakiwamo watoto wengi. Ulikuwa umebeba kupita kiasi. Kwa hiyo masharti ni haya, na yasipotimia baki nchi kavu: jaketi la kuokolea kwa kila mtu, la mtoto liwe la ukubwa wa mtoto, mtumbwi usio na mzigo mzito wala watu waliobanana, safari iwe ya asubuhi, na isiende mbali na ufukwe. Bila kwenda mbali utaona ya kutosha: milima kutoka majini, ndege wakiwafuata wavuvi, mji mzima ukijipanga mbele yako.

Usimshawishi mvuvi akupeleke katikati ya ziwa. Mpaka na Uganda unapita humo humo majini, bila alama ya kuonekana kwa macho, na doria za upande wa pili huwakamata wavuvi na kuwanyang'anya nyavu na mota. Mafuta yaliyogunduliwa upande wa Uganda mwaka 2006 yaliongeza ukali huo. Mwaka uliofuata watu walikufa majini kwa risasi, kisiwa kidogo cha Rukwanzi kikawa ugomvi wa mataifa mawili, na Septemba 2007 marais Kabila na Museveni wakalazimika kutia saini mapatano huko Ngurdoto, Tanzania. Kwa sababu hiyo hiyo usipige picha askari, vituo vya jeshi la majini, wala maofisa wa bandarini. Kwa picha nyingine, omba ruhusa kwanza kwa kiongozi wa wavuvi au ofisi ya bandari. Kwa kawaida atakupa kijana wa kukutembeza. Mkubaliane malipo yake kabla ya kuanza.

Anayetaka kuvuka kwenda Uganda kweli, kwa mfano kushukia Ntoroko kusini, ashughulikie karatasi za uhamiaji Bunia kabla ya kuja na asikubali kuvushwa kwa njia ya panya. Njia hii ya majini ni ya watu walio hai, si ya hadithi: mwanzoni mwa 2018, vita vilipopamba moto Djugu, makumi ya maelfu ya watu walivuka kutoka ufukwe huu hadi Sebagoro, upande wa Uganda, na kupelekwa Kyangwali. Familia nyingi za Tchomia zina mtu ng'ambo mpaka leo, na mtumbwi wa abiria kwao ni kama basi la kwenda kumwona ndugu.

Kusini ya Kasenyi, pale Mto Semliki unapoingia ziwani, nchi ni tambarare yenye nyasi, matete na mikondo mingi inayogawanyika na kuhama kila mafuriko yanapokuja. Semliki huleta maji ya Ziwa Edward pamoja na yale yanayotiririka kutoka theluji ya Rwenzori, na tope lake ndilo lililojenga delta hiyo. Ni sehemu nzuri mno, yenye viboko, mamba na ndege wa majini, lakini kwa hali ya usalama ilivyo haimfai mtu wa safari ya siku moja. Atosheke kujua kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyo mbele yake Kasenyi yamepitia huko.

Viboko hawakai kusini tu. Usiku hutoka kula nyasi hata karibu na makazi, na mamba hupenda sehemu zenye matete. Watoto wasiachwe peke yao ukingoni.

Kuogelea? Kwa masikitiko, jibu ni hapana. Ziwa Albert ni mojawapo ya maeneo yenye kichocho kingi katika Afrika Mashariki na Kati. Vijidudu hutoka kwa konokono wadogo wa maji, huelea, na hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Wingi wao huwa katika maji ya kina kifupi yenye majani, pale pale ambapo mgeni hutamani kutia miguu, na mchana wa jua ndipo wanapotoka kwa wingi. Kujifuta haraka kwa taulo husaidia kidogo, hakukingi. Vaa mabuti ya mpira ukishuka kwenye mitumbwi. Maji ya kunywa toka nayo Bunia, na ya kunawa kabla ya kula yawe yamechemshwa au yametiwa dawa, kwa sababu kipindupindu hurudi rudi katika miji hii ya ufukweni. Mbu wa chini ni wakali kuliko wa Bunia. Mikono mirefu na dawa ya kupaka vitakufaa hata mchana.

Saa nane mchana anza kupanda, huku mzigo wa samaki ukiwa umefungwa vizuri na dereva amekula. Ukifika Bunia, makayabu loweka usiku kucha ukibadilisha maji mara mbili au tatu, la sivyo chumvi itaua mchuzi. Na kama uligusa maji ya ziwa, hata kwa miguu tu, weka alama kwenye kalenda wiki 6 hadi 8 mbele. Siku hiyo nenda kituo cha afya, sema ulikuwa Ziwa Albert, upimwe kichocho. Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, na vikimezwa mapema mno haviwezi kuua minyoo ambayo bado haijakomaa.